Wiki nzima bila Bongo Fleva: rock, jazz na klasiki. Ila kaseti ya marehemu baba inanichanganya

#1 Ngosha wa Kimara

Wakuu, salaam.

Mimi na mdogo wangu tuliwekeana dau: siku saba sigusi Bongo Fleva, singeli wala amapiano. Nikiweza, ananinunulia bando la mwezi. Nikishindwa, namnunulia yeye. Nyimbo alinichagulia mwenyewe, eti "muziki wa wazee wenye akili". Nimesikiliza kwenye mwendokasi, asubuhi na jioni, nimesimama. Daftari langu linasema hivi:

Jumatatu. Pink Floyd, The Dark Side of the Moon. Inaanza na mapigo ya moyo, nikajua simu inatetema mfukoni. Katikati kuna mwanamke anaimba bila neno hata moja, ni kulia na kupaa tu. Nikapitiliza kituo.

Jumanne. Queen. Ule wimbo wao mrefu una "Bismillah" ndani. Niliitikia kwa sauti bila kujijua, mzee mmoja wa kanzu akanitazama kwa heshima mpya.

Jumatano. Miles Davis, Kind of Blue. Hapa nitarudi.

Alhamisi. Dave Brubeck, Take Five. Nagonga kidole kwenye bomba la kushikilia, kila nikidhani nimeukamata mdundo, unaniponyoka.

Ijumaa. Beethoven, Simfoni ya 5. Noti nne za mwanzo nani hazijui. Kilichofuata sikijui, niliamshwa na mlinzi Kivukoni.

Jumamosi. Bach, vipande vyake viitwavyo Goldberg, kinanda anapiga Glenn Gould. Kuna mtu anaguna nyuma ya kinanda. Mara mbili nilivua hedifoni kuangalia nani ananiguna.

Jumapili. Nyumbani, kaseti ya baba.

Sasa tatizo. Marehemu mzee alikuwa mtu wa reli, Tabora. Ameacha kaseti ya TDK, juu kaandika kwa biki MAILS DEVIS. Alirekodi miaka ya mwisho ya sabini kutoka kwenye santuri ya padri mmoja rafiki yake. Ni ile ile Kind of Blue ya Jumatano. Lakini wimbo wa kwanza, So What, kwenye kaseti uko juu kuliko kwenye simu. Si sauti kubwa, nasema JUU, kama mtu kaukaza. Nilivipiga pamoja, simu na redio, vikawa kama wanakwaya wawili ambao mmoja hakuja mazoezini.

Kwa nini? Na pili, kwa nini klasiki inanilaza? Nahisi ni kwa sababu haina mdundo. Nawasilisha.

#2 Kapuku

Nimeweka kigoda. Ngoja wajuvi waje.

Ila dogo alihakikishaje kwamba kwenye bajaji hukusikia singeli?

#3 FundiSpika

Mkuu, hilo tatizo naliona dukani kila wiki. Redio yako inakimbia. Nyuma ya mota ya kaseti kuna tundu dogo, ndani kuna skrubu ya kurekebisha mwendo. Mtu yeyote mwenye bisibisi nyembamba na kiherehere akiizungusha robo tu, kila mwimbaji anakuwa Mchina wa katuni. Weka kaseti nyingine unayoijua vizuri, ya dukani, ulinganishe. Kama nayo iko juu, niletee redio.

#4 mama_kwaya

Ngosha, eti klasiki haina mdundo! Hujawahi kukaa kanisani Pasaka wakati wa Haleluya ya Händel? Miguu inagonga sakafu yenyewe. Ile ni klasiki, iliimbwa mara ya kwanza Dublin mwaka 1742, na sisi huku Moshi tunaiimba kwa Kiswahili kwa nota za solfa zilizotolewa kopi ya kopi mpaka "mi" na "fa" zinafanana.

Mdundo wake naujua kwa machungu. Mwishoni, kabla ya haleluya ya mwisho kabisa, watu wote wananyamaza ghafla. Ukimya mtupu. Mwaka juzi katika ukimya ule nikaingia peke yangu, sauti ya pili, "HALE-". Mwalimu wa kwaya hakunitazama mpaka Pentekoste.

#5 Chumvi Mbili

Mama_kwaya nimecheka mpaka bosi kageuka.

Ndiyo ile watu wanasimama? Nasikia mfalme wa Uingereza, George wa Pili, ilimgusa akasimama, basi ukumbi mzima ukasimama naye.

#6 mama_kwaya

Ndivyo tulivyofundishwa hata sisi. Lakini mchungaji wetu mmoja aliyesomea muziki alituambia hakuna aliyeandika wakati ule kwamba alimwona mfalme mle ukumbini. Hadithi ilikuja baadaye. Tunasimama hata hivyo, maana sisi tayari tumesimama.

#7 Ngosha wa Kimara

FundiSpika, nimejaribu. Nimeweka kaseti ya dukani ya Mbaraka Mwinshehe, nikalinganisha na simu. Zinakwenda pamoja, haipishani hata chembe. Redio iko salama. Kwa hiyo bado niko pale pale.

#8 Babu Santuri

Vijana, shikamooni mnazodaiwa nimezipokea.

Swali: padri alikuwa Mmarekani? Maana gramafoni za Marekani zilitengenezwa kwa umeme wa mizunguko 60 kwa sekunde, wetu ni wa 50. Mota ikibadilishiwa umeme, mwendo unabadilika. Hapo ndipo sauti ilipopanda.

#9 FundiSpika

Babu, heshima yako, lakini hapo umeshika mkia ukidhani ni kichwa. Gramafoni ya 60 ukiichomeka kwenye 50 inapunguza mwendo, haiongezi. Santuri ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika inazunguka chini ya 28. Miles Davis angetoka kama tarumbeta limelewa. Ngosha analalamikia juu, siyo chini.

#10 Babu Santuri

Nimekubali. Na mapadri wa pale Tabora, sasa nakumbuka, wengi walikuwa Wazungu wa Ulaya.

Lakini Ngosha, umenikumbusha mbali. Mtu wa reli, Tabora, halafu anasikiliza jazz ya Marekani wakati mjini kwake Tabora Jazz wenyewe wako hai! Ni kama kukaa Kigoma ukaagiza dagaa Dar.

#11 Kapuku

Hivi kwa nini bendi zote zile ziliitwa Jazz? Western Jazz, Kilwa Jazz, Atomic Jazz, Morogoro Jazz, Nuta Jazz iliyokuja kuwa Sikinde. Nimesikiliza sana, sijasikia jazz hata moja.

#12 Chumvi Mbili

Nuta Jazz ilikuja kuwa Juwata, halafu Ottu, halafu Msondo. Sikinde ni Mlimani Park. Ukisema hivyo mbele ya mashabiki wa Msondo unarudi nyumbani bila kiatu.

#13 Babu Santuri

Asante Chumvi, presha ilikuwa imeanza kupanda.

Kapuku, jazz zetu hazikuwa jazz ya akina Miles. Ilikuwa rumba, twist, chacha, na ngoma zetu za nyumbani zimevalishwa gitaa. Neno "jazz" maana yake ilikuwa bendi. Bendi ya kisasa, yenye gitaa, saksafoni na sare. Dar es Salaam Jazz ni ya miaka ya 1930 huko. Mtu aliyetoka kwenye beni, ngoma ya tarumbeta na gwaride, akitaka watu wajue hapa hakuna gwaride, panachezwa dansi, anaandika "Jazz" kwenye ngozi ya dramu. Basi.

#14 Chumvi Mbili

Mimi nililelewa Morogoro na nimesikia tofauti. Kule ilisemwa ni zile santuri za Cuba, za mfululizo ulioitwa GV, zilizoanza kuletwa Afrika miaka ya 1930. Watu walijifunzia humo. Kila kilichotoka ng'ambo ya bahari kwenye santuri kikaitwa jazz, kiwe cha Havana kiwe cha New York. Ndiyo maana kwetu kulikuwa na Cuban Marimba ya Salum Abdallah, na hakukuwa na Mcuba hata mmoja.

#15 Fiston_Lubum

Jambo ndugu zangu wa Tanzania. Musisahau Kongo! African Jazz ya Kabasele ni 1953, OK Jazz ya Franco 1956. Na hata ile OK tunabishana: wengine wanasema Orchestre Kinois, wengine ni Oscar Kashama, mwenye baa walimoanzia. Mimi nafikiri bendi nyingi za kwenu ziliiga jina kwetu.

Na mwaka 1960 Louis Armstrong alifika Léopoldville, Kinshasa ya leo, watu wakamubeba juu kwenye kiti kama mufalme. Jazz ilikuwa jina la heshima.

#16 Babu Santuri

Fiston, gitaa tuliiga, nakubali mbele ya mashahidi. Jina hapana. Nimesema miaka ya 1930. Hesabu mwenyewe.

#17 GitaaRongai

Wadau, mnaongea jazz tu na msee ameanza na Pink Floyd.

Ngosha, yule mwanamke anayelia anaitwa Clare Torry. Waliita session singer wa kawaida, yaani mwimbaji wa kukodiwa, studio za Abbey Road, akaambiwa hakuna maneno, jisikie tu. Akalipwa pauni 30. Thelathini! Albamu ikauza mamilioni. Mwaka 2004 akaenda kortini, 2005 wakaelewana nje ya korti, na sasa jina lake linaandikwa kama mtunzi pamoja na Richard Wright.

Mimi nilisikia hiyo sehemu mara ya kwanza ndani ya matatu ya Rongai, stima zimepotea mji mzima, mvua inanyesha. Makanga alinyamaza. Makanga!

Na ule wa pesa, Money, nao uko kwa hesabu ya saba, mapigo saba kila mzunguko. Kama Take Five ilikushinda na tano, huo usiuguse ukiwa umesimama.

#18 Ngosha wa Kimara

Pauni 30? Ningejua nisingepitiliza kituo kwa furaha hivyo.

Hebu nifundisheni hiyo tano.

#19 mama_kwaya

Sema kwa mdomo: MO-ja-mbi, MO-ja. MO-ja-mbi, MO-ja. Tatu halafu mbili. Kinanda kinarudia hivyo hivyo mwanzo mpaka mwisho, kama mtu anayechechemea lakini hajali. Ukizoea siku mbili utaona nne ndiyo yenye kilema.

#20 Mbeba Boksi

Nimetoka shifti ya usiku huku Minnesota, nakuta uzi wa jazz. Leo silali.

Take Five kaitunga Paul Desmond, mpiga saksafoni, siyo Brubeck. Watu wanakosea kwa sababu bendi ni ya Brubeck. Desmond alipofariki 1977 aliacha mapato yake ya wimbo huo kwa Msalaba Mwekundu wa Marekani. Hivyo Alhamisi yako huenda umechangia senti huko.

Anayeguna Jumamosi ni Gould mwenyewe. Alikuwa anaimba akipiga, mafundi wa sauti walihangaika wakashindwa. Alikalia kiti kifupi alichotengenezewa na baba yake, pua karibu iguse vibao. Goldberg kairekodi mara mbili: 1955 kama dakika 38, na 1981 kama dakika 51. Ipi ulisikiliza?

Na sasa kaseti. Ngosha, redio yako haina kosa, baba yako hana kosa, padri hana kosa. Kosa ni la New York. Kind of Blue ilirekodiwa siku mbili, tarehe 2 Machi na 22 Aprili 1959, studio ya Columbia mtaa wa 30. Siku ya kwanza mashine kuu ya utepe ilikuwa inakwenda polepole kidogo. Utepe uliorekodiwa polepole ukiupiga kwenye mashine yenye mwendo sahihi, muziki unapanda. Santuri zikachapwa hivyo hivyo, na dunia nzima ikasikiliza So What ikiwa juu kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka 1992 ndipo toleo jipya lilitolewa kutoka kwenye utepe wa akiba ambao mashine yake ilikwenda sawa. Simu yako ina toleo lililorekebishwa. Kaseti ya mzee ni ya santuri ya zamani. Kesi imefungwa.

#21 Kapuku

Hapo sasa! Mods, fungeni uzi.

#22 FundiSpika

Navua kofia. Miaka 20 mbele ya redio, sikuwahi kulijua hilo.

#23 Ngosha wa Kimara

Mbeba Boksi, umetisha. Gould yangu ni ya dakika 51.

Lakini ngoja. Umesema kosa lilikuwa la siku ya kwanza. Upande wa pili wa santuri, All Blues na Flamenco Sketches, je?

#24 Mbeba Boksi

Hizo ni za Aprili, ziko sawa. Zenye tatizo ni So What, Freddie Freeloader na Blue in Green tu.

#25 Ngosha wa Kimara

Basi kesi haijafungwa, maana All Blues nayo kwenye kaseti iko juu.

Nimepakua ile programu ya kupimia nyuzi za gitaa. Nimeiweka karibu na spika, mlango nimefunga, mke anadhani naongea na mchepuko. So What kwenye simu: mshale unakaa kwenye D. Kwenye kaseti: umepita D, haujafika D-sharpu. All Blues kwenye simu: G. Kwenye kaseti: umepita G kidogo. Nimerudia mara tatu.

#26 Mbeba Boksi

Mmh. Basi una sababu mbili zimepandana. Ya New York, na nyingine ya Tabora.

#27 FundiSpika

Sasa mmerudi kwangu. Ya Tabora ni betri.

Kumbukeni jinsi tulivyorekodi zamani. Betri kubwa sita, zikichoka tunazianika juani, zikigoma tunaziuma. Redio yenye betri zinazokufa inavuta utepe polepole. Ukirekodi nayo polepole, kesho ukaweka betri mpya, wimbo unakimbia. Ni kosa lile lile la New York, ila la shilingi chache. Kama ni hivyo, mwanzo wa kaseti utakuwa juu kidogo na mwisho juu zaidi, maana betri zilikuwa zinaendelea kufa.

#28 Babu Santuri

Au padri mwenyewe. Baadhi ya gramafoni zile zilikuwa na kifundo cha kurekebisha mwendo, ukiacha zile namba 33, 45 na 78. Mtoto wa parokia akipita anakizungusha, hakuna atakayejua mpaka mwanao azaliwe anunue simu.

#29 Mshangani

Assalaam alaykum. Mie niko Muscat, nimezaliwa Shangani, Unguja, na sijafurahi: watu tisa wamechangia, na Jumanne ya Queen imepitwa kama chombo kisicho na tanga.

Freddie Mercury ni mtoto wa Unguja. Farrokh Bulsara, kazaliwa tarehe 5 Septemba 1946. Wazee wake Maparsi. Skuli kapelekwa Panchgani, India, na baada ya Mapinduzi ya 1964 familia ikahamia Uingereza. Hiyo "Bismillah" yake kaisikia kwetu, asubuhi na jioni, kila msikiti.

#30 Chumvi Mbili

Alikuwa Mwarabu?

#31 Mshangani

Nimeandika Maparsi. Dini yao ya Zoroaster. Soma polepole, sheikh.

#32 GitaaRongai

Mshangani, kwa heshima, kwenye huo wimbo kuna Galileo, Figaro na Scaramouche pia. Hao nao waliishi Shangani? Jamaa alikuwa anatupa maneno matamu ya opera. Na alikataa kuufafanua maisha yake yote.

#33 Mshangani

Galileo hakuadhiniwa karibu na dirisha la mtoto. Bismillah iliadhiniwa.

#34 mama_kwaya

Adhana haina Bismillah ndani yake, Mshangani. Hata mimi Mlutheri nalijua hilo, jirani zangu wote Waislamu.

#35 Mshangani

Bibie, umenipata. Niseme ilisemwa nyumba za jirani, kabla ya kula. Hapo siondoki.

Na kuhusu klasiki ya kulaza: huku Muscat tuna jumba la opera tangu 2011, walilifungua kwa Turandot ya Puccini. Marehemu Sultan Qaboos aliipenda mno klasiki, akaunda orkestra ya vijana Waomani tangu 1985. Mie nilipelekwa mara moja na bosi wangu. Kiyoyozi baridi, kiti laini, nimevaa kanzu mpya. Nililala, lakini nililala vizuri.

#36 mama_kwaya

Basi nyie wawili mjue mmelala kwa raha. Simfoni ya 5 ilipigwa mara ya kwanza Vienna, tarehe 22 Desemba 1808, pamoja na ya 6 na kazi nyingine mpya za Beethoven, usiku mmoja, kwa muda wa kama saa nne, ukumbi wa baridi kali. Mngelala mngeganda.

Ngosha, ulilala sehemu ya pili, sivyo? Ile ni ya taratibu kwa makusudi. Ungevumilia ungefika sehemu ya tatu inapoingia ya mwisho bila kusimama, ngoma inagonga chini chini kama mtu anayebisha hodi kwa uoga, halafu tromboni zote zinafungua mlango. Tromboni walikaa kimya sehemu tatu nzima wakisubiri pale. Mimi ninayejua uchungu wa kuingia mapema nawasalimu.

#37 Mbeba Boksi

Nyongeza ya usingizi. Kuna hadithi iliyoandikwa 1802 kwamba zile Goldberg zilitungwa kwa ajili ya mheshimiwa mmoja aliyekosa usingizi, mpiga kinanda wake aitwaye Goldberg awe anampigia usiku. Wataalamu wengi hawaiamini, kwanza Goldberg alikuwa kijana wa miaka 14 zilipochapwa 1741. Lakini kama ni kweli, Ngosha ulipokuwa unageuka kumtafuta anayeguna, ulikuwa unakosea matumizi ya dawa.

#38 GitaaRongai

Hapo kwa "sijui klasiki": kama umewahi kumiliki Nokia, mlio wake umetoka kwa Gran Vals ya Francisco Tárrega, 1902, gitaa tupu. Na ule wimbo wa bibi harusi kuingia ni wa Wagner, opera ya Lohengrin, 1850. Ukitaka kujua zaidi, ndani ya opera ndoa yenyewe haimalizi usiku.

#39 Kapuku

Shemeji yangu aliingia nao 2019. Natamani ungekuja mapema.

#40 Mbeba Boksi

Kabla sijalala. Mnabishana nani kachukua "jazz" ya nani, hamjasema wao walichochukua kwetu. Randy Weston, mpiga piano, 1960 alirekodi Uhuru Afrika, na mwanzoni kabisa anasikika Mtanganyika, Tuntemeke Sanga, akisoma kwa Kiswahili. Afrika Kusini ya makaburu waliipiga marufuku.

Halafu Herbie Hancock, 1971, albamu inaitwa Mwandishi, na bendi nzima ilijipa majina ya Kiswahili. Hancock ni Mwandishi, Buster Williams ni Mchezaji, Billy Hart ni Jabali, Eddie Henderson ni Mganga, Bennie Maupin ni Mwile, na Julian Priester ni Pepo Mtoto.

#41 Chumvi Mbili

Pepo Mtoto!! Nani alimfanyia hivyo? Huyo akija Tanga anasomewa kisomo kabla ya kupiga tromboni.

Na Mwile ndiyo nini? Mwili?

#42 Mbeba Boksi

Walimaanisha mwili wenye afya, nadhani kamusi ilikuwa imechoka. Ila Mganga ni halali. Henderson alikuwa daktari kweli, wa hospitali.

#43 Ngosha wa Kimara

Narudi na ushahidi mpya. Mwisho wa kaseti, baada ya Flamenco Sketches, kuna sauti ya mtu. Anasema "haya, imetosha, zima." Halafu anakohoa.

Nimempigia mama, yuko Urambo. Nikamwekea simu kwenye spika. Akanyamaza kidogo, akasema: "Ndiye yeye, lakini mbona anaongea kama aliyebanwa na mlango?" Nikamwambia sikiliza tena. Akasema kikohozi ni chake kabisa, sauti ni nyembamba mno. Hivyo sauti ya mzee nayo imepanda. Siyo muziki peke yake.

#44 FundiSpika

Nilisema! Betri. Kama hata yule aliyekuwa chumbani sauti yake imepanda, kifundo cha padri kimetoka kwenye kesi. Kilichokwenda polepole ni redio iliyorekodi.

#45 Babu Santuri

Kijana, mzee wake pale alikuwa na umri gani? Thelathini? Mama anakumbuka sauti ya mume wa miaka 60. Sote tulikuwa na sauti nyembamba. Kifundo hakijatoka.

#46 Ngosha wa Kimara

Nimemuuliza mama kuhusu betri. Amekasirika. "Betri za nini? Nyumba ya reli ilikuwa na umeme, ulidhani tuliishi porini?"

#47 FundiSpika

Umeme wa miaka hiyo Tabora nao tuuamini?

#48 mama_kwaya

Ngosha, mwulize mama taratibu, tena siyo kwa simu.

#49 Ngosha wa Kimara

Amepiga mwenyewe leo alfajiri. Kakumbuka kwamba waya wa redio uliazimwa na jirani mwaka ule na haukurudi. Kisha akasema labda ilikuwa mwaka uliofuata. Kisha akauliza kama nakula vizuri.

Ile hoja ya FundiSpika kwamba mwisho wa kaseti uwe juu kuliko mwanzo: nilikuwa napima jana usiku, nimefika Freddie Freeloader, redio ikala utepe. Nimeutoa kwa kalamu, una mikunjo kama sentimita kumi. Sijagusa tena.

#50 FundiSpika

USIGUSE. Leta Mwanza, au tafuta fundi mtu mzima. Usimpe kijana, atakuletea flashi.

#51 Kapuku

Na dau je? Ulishinda?

#52 Ngosha wa Kimara

Hapo ndipo penye uchungu. Dogo kasoma uzi huu wote. Kumbe Jumapili alikuwa sebuleni. Anasema baada ya kile kikohozi cha mzee kaseti iliendelea na kipande cha Tabora Jazz, nami nikakisikiliza mpaka mwisho nikitikisa kichwa, na kwamba hiyo ni Bongo Fleva ya zamani. Bando sijaliona.

#53 Babu Santuri

Mwambie jina lenyewe linasema ni Jazz. Alipe.

#54 Dogo_wa_Ngosha

Nimejiunga leo kwa ajili ya kesi hii tu. Babu Santuri, shikamoo. Bandiko namba 13, wewe mwenyewe: "jazz zetu hazikuwa jazz." Silipi.